Namna ya kuandaa orodha ya mabalozi wa nchi moja ya Ulaya katika nchi nyingine: mwongozo kamili kwa mfano wa Uingereza na Ufaransa

Tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko la kuheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na Sultani wa Zanzibar. Kwa upande wa Ufaransa aliyetia saini ni Waziri wa Mambo ya Nje, Édouard Thouvenel, na kwa upande wa Uingereza ni balozi wake mjini Paris, ambaye jina lake limeandikwa kwa neno moja tu: Cowley. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa naandika tanbihi ya tamko hilo, nilifungua orodha ya mabalozi iliyokuwa karibu nami, nikamwona Henry Wellesley, Lord Cowley, nikamnukuu bila kusita. Mhariri wangu akanirudishia karatasi akiwa ameandika pembeni swali moja: marehemu wa 1847 alitiaje saini mwaka 1862?

Balozi wa Paris aliyefariki 1847 alikuwa baba. Aliyetia saini ni mwanawe, mwenye jina lilelile la Henry Wellesley, na ambaye kwa muda alibeba hata cheo kilekile cha baba yake. Wote wawili walikuwa mabalozi wa Uingereza mjini Paris. Nililazimika kuiandaa orodha nzima upya kwa mkono wangu, na hatua zinazofuata ndizo nilizozipitia. Mfano mkuu ni Uingereza na Ufaransa kwa sababu nyaraka zake ni nyingi na zinapatikana kwa wepesi, lakini utaratibu ni uleule ukiandaa orodha ya mabalozi wa Uswidi nchini Denmark au wa Austria nchini Italia.

Hatua ya kwanza: wekea orodha mipaka

Kabla ya kuandika jina lolote, andika sentensi moja inayosema ni dola gani inapeleka, ni dola gani inapokea, na orodha inaanza mwaka gani. Jambo hili linaonekana dogo mpaka utakapokutana na balozi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza na kumweka chini ya kichwa cha “Uingereza” kana kwamba dola yake ni hii ya leo. England na Scotland ziliungana mwaka 1707 na kuwa Great Britain, na Ireland ikaingizwa mwaka 1801. Kwa hiyo Francis Walsingham, aliyekuwa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1570, alikuwa balozi wa England peke yake, na kabla ya 1707 Scotland ingeweza kuwa na mjumbe wake.

Kwa anayeandaa orodha yake ya kwanza ninashauri aanzie 1814, Napoleon alipoangushwa kwa mara ya kwanza na uhusiano ukarejeshwa. Mwaka huohuo balozi Wellington, yaani Arthur Wellesley, aliinunulia serikali yake jumba la Hôtel de Charost lililoko mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, na aliyemuuzia ni Pauline Borghese, dada wa Napoleon mwenyewe. Mabalozi wa Uingereza wanaishi humo mpaka leo, na kuanzia hapo mlolongo wa majina hauna utata mkubwa. Aliyetangulia, Lord Whitworth, aliondoka Paris mwaka 1803 amani ya Amiens kati ya Uingereza na Ufaransa ilipovunjika, kwa hiyo ukitaka kurudi nyuma utakutana na pengo la miaka 11 ambalo litahitaji maelezo yake.

Hatua ya pili: tenganisha vyeo

Kanuni zilizokubaliwa katika Mkutano wa Vienna mwaka 1815 ziliwagawa wakuu wa ujumbe katika madaraja. La juu lilikuwa la mabalozi na wawakilishi wa Papa, la pili la wajumbe waliopewa cheo cha waziri mwenye mamlaka kamili, na la mwisho la makaimu, ambao walitambulishwa kwa waziri wa mambo ya nje na si kwa mfalme. Mwaka 1818 likaongezwa daraja la waziri mkazi kati ya haya mawili ya chini. Katika karne ya 19, kwa kawaida, ni dola kubwa tu zilizopelekeana mabalozi kamili, na nchi nyingine zilipelekewa waziri aliyeongoza ofisi ya daraja la chini kuliko ubalozi. Kwa hiyo kichwa kinachosema “mabalozi wa Uingereza nchini Yugoslavia, 1935” kina kosa ndani yake, kwa sababu mkuu wa ofisi ya Belgrade wakati huo alikuwa waziri. Uswisi nayo ilikaa na mawaziri mpaka miaka ya 1950 ndipo ikaanza kupandisha ofisi zake kuwa balozi kamili.

Kuna mtego wa pili katika neno hilohilo la “waziri”. Ndani ya ubalozi mkubwa kama wa Paris, msaidizi mkuu wa balozi naye hupewa cheo cha waziri. Ukikuta mtu ameandikwa kuwa waziri wa Uingereza mjini Paris kuanzia 1929 hadi 1935, usimpe mstari kwenye orodha, kwa maana katika miaka hiyo balozi alikuwepo na huyo alikuwa chini yake.

Mtego wa tatu tunaufahamu vizuri Afrika Mashariki. Nchi za Jumuiya ya Madola hupelekeana makamishna wakuu, ingawa magazeti yetu ya Dar es Salaam na Nairobi huwaita mabalozi na hakuna anayelalamika. Huko Ulaya jambo hili linazihusu Kupro na Malta, ambako mkuu wa ujumbe wa Uingereza ni kamishna mkuu. Liliihusu pia Ireland kwa namna yake: mwakilishi wake mjini London, John Dulanty, alikuwa kamishna mkuu tangu 1930, na baada ya nchi yake kutoka katika Jumuiya mwaka 1949 akawa balozi mwaka 1950. Mtu hakubadilika, kilichobadilika ni cheo, na orodha yako inapaswa kuonyesha hivyo.

Hatua ya tatu: chagua tarehe moja na usiiache

Hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Safari ya balozi kutoka kuteuliwa hadi kukaa kitini ina vituo kadhaa, na kila kituo kina tarehe yake. Kwanza nchi inayopeleka huiuliza kwa siri nchi inayopokea kama itamkubali mtu huyo. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kibalozi wa 1961, katika ibara ya 4, unairuhusu nchi inayopokea kukataa bila kutoa sababu. Akikubaliwa, uteuzi hutangazwa. Kisha husafiri na kuwasili. Mwisho huwasilisha hati za utambulisho kwa mkuu wa nchi, na mpaka siku hiyo huitwa balozi mteule.

Kati ya tangazo na hati huweza kupita wiki chache au miezi mingi. Ibara ya 13 ya mkataba inaiachia kila nchi kuamua kama balozi ahesabiwe ameanza kazi siku ya kuwasilisha hati, au siku aliyoripoti kufika na kukabidhi nakala ya hati hizo kwenye wizara ya mambo ya nje, ilimradi utaratibu uwe mmoja kwa wote. Kwa hiyo waandishi wawili makini wanaweza kumpa balozi mmoja miaka miwili tofauti ya kuanza na wote wakawa sahihi, hasa kama aliteuliwa mwezi Novemba na kuwasilisha hati Februari.

Ushauri wangu ni kutumia tarehe ya hati kila inapopatikana, kwa sababu ndiyo inayotambuliwa na pande zote mbili na ndiyo inayopanga nafasi ya balozi katika itifaki. Inapokosekana, tumia tarehe ya uteuzi na uweke alama inayoeleza hivyo. Usichanganye tarehe hizo katika safu moja bila alama. Mwenye haraka ataona hili ni usumbufu usio na faida, lakini amfikirie Christopher Ewart-Biggs, balozi wa Uingereza nchini Ireland aliyeuawa kwa bomu lililotegwa barabarani karibu na Dublin tarehe 21 Julai 1976, akiwa na majuma mawili hivi tu katika kituo chake. Orodha yenye miaka mitupu itamwandika “1976–1976”, na msomaji atadhani ni kosa la uchapaji.

Hatua ya nne: tafuta vyanzo kwa mpangilio

Anza na kitu kilichochapishwa wakati wa tukio lenyewe. Kwa Uingereza ni gazeti rasmi la serikali, London Gazette, ambalo hutangaza uteuzi kwa jina la mfalme au malkia na ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka bure kwenye intaneti. Baada yake kuna kitabu cha orodha ya maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje kilichotolewa kila mwaka tangu 1852, kikipanga kituo baada ya kituo na kueleza historia fupi ya kila ofisa. Kwa nchi za bara la Ulaya, kitabu cha mwaka cha Almanach de Gotha, kilichochapishwa Ujerumani mpaka 1944, kinaonyesha ni nani aliyekuwa wapi, ila ujue kwamba kila toleo linaeleza hali ya miezi iliyolitangulia.

Ukibaki na shaka, nenda kwenye nyaraka zenyewe. Barua za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza zinazohusu Ufaransa, mpaka 1905, zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa huko Kew chini ya alama FO 27, na kuanzia 1906 zimo katika mfululizo wa FO 371. Barua ya kwanza ya balozi mpya kwa kawaida humwarifu waziri wake kwamba amefika au amepokewa, na barua hiyo moja humaliza mabishano ya kurasa nyingi. Wala si lazima usafiri hadi Uingereza, kwa sababu katalogi inasomeka ukiwa mbali.

Orodha zilizoandaliwa na watu wengine ziweke mwisho, na uzitumie kama mtu anavyotumia jirani anayeonyesha njia: mshukuru, kisha uhakikishe. Nakala zikinakiliana kosa, kosa hilo hupata mashahidi kumi ambao kwa kweli ni shahidi mmoja.

Hatua ya tano: hakikisha mtu ni mtu yuleyule

Hatua hii ipe muda mwingi kuliko nyingine zote. Makabaila wa Uingereza walibadilisha jina kila walipopanda cheo, na familia zilezile zilirudi katika vituo vilevile, kiasi kwamba jina peke yake halithibitishi chochote.

Nirudi kwa akina Wellesley, kwa maana ndio walionifundisha. Arthur Wellesley, yaani Wellington, alikuwa balozi mjini Paris kuanzia 1814 hadi 1815. Mdogo wake Henry, aliyepewa cheo cha Baron Cowley, alikuwa balozi hapohapo kwa muda mfupi mwaka 1835, kisha tena kuanzia 1841 hadi 1846. Akafariki 1847, na mwanawe Henry Richard Charles akarithi cheo hicho na kuwa Baron Cowley wa pili. Huyu akateuliwa balozi mjini Paris mwaka 1852, akapandishwa kuwa Earl Cowley mwaka 1857, na akakaa mpaka 1867. Sasa fikiria faharasa iliyoandika “Cowley, Lord, balozi Paris” bila neno jingine. Kwa barua ya 1845 ni baba. Kwa barua ya 1855 ni mwana. Na kwa tamko la Zanzibar la 1862 ni mwana aliyekwisha kupanda cheo.

Wakati mwingine mambo huenda kinyume, mtu mmoja akaonekana wawili. Sir Charles Stuart alikuwa balozi kuanzia 1815 hadi 1824. Mwaka 1828 anatokea balozi anayeitwa Lord Stuart de Rothesay, na msomaji asiyejua atadhani ni mwingine, kumbe ni yuleyule aliyepewa ulodi mwaka huohuo. Kati ya vipindi vyake viwili alikuwepo Lord Granville, ambaye naye alirudi baada yake. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila kipindi kipate mstari wake, mtu akirudi aandikwe tena na kuwekewa neno “mara ya pili”, na cheo kiwe kile alichokuwa nacho siku alipoanza kipindi hicho.

Usidhani karne ya 20 ina unafuu. Mwaka 1939 Sir Ronald Campbell aliondoka Belgrade kwenda kuwa balozi mjini Paris, na nafasi yake Belgrade ikachukuliwa na Ronald Campbell. Wa kwanza ni Ronald Hugh, wa pili ni Ronald Ian, na huyo wa pili alikuwa ametokea ubalozi wa Paris. Nimewahi kuona sentensi iliyowaunganisha wakawa mtu mmoja aliyekuwa katika miji miwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo andika majina yote ya kati, na kila inapowezekana mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki.

Hatua ya sita: usiyafiche mapengo

Msukumo wa kila mwandaaji ni kutaka mwaka wa kuondoka wa huyu ufanane na mwaka wa kuingia wa yule. Uzuie. Mwezi Juni 1940, Ufaransa iliposhindwa vitani, Ronald Hugh Campbell aliondoka, na mwezi uliofuata, baada ya jeshi la majini la Uingereza kuzishambulia meli za Ufaransa huko Mers-el-Kébir, serikali ya Vichy, yaani ile iliyoitawala Ufaransa baada ya kushindwa, ikavunja uhusiano. Duff Cooper, anayefuata kwenye orodha nyingi kwa mwaka 1944, alianza kama mwakilishi wa Uingereza kwa kamati ya Jenerali de Gaulle iliyokuwa Algiers, na nchi za Washirika ziliitambua serikali ya muda ya de Gaulle tarehe 23 Oktoba 1944. Mstari wa kati ya Campbell na Cooper unapaswa kusomeka wazi kwamba ubalozi haukuwepo, na sababu yake. Msomaji anayetafuta nani alikuwa balozi wa Uingereza kwa Vichy anastahili kujibiwa kwamba hakuwepo.

Mapengo madogo kati ya kuondoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine hujazwa na kaimu balozi. Makaimu wa siku chache waache, isipokuwa kama mmoja wao alifanya jambo la kukumbukwa au alikaa muda mrefu.

Hatua ya saba: pima kalenda

Anayeanza na 1814 kwa Ufaransa anaweza kuiruka hatua hii. Anayerudi nyuma zaidi hawezi. Ufaransa iliingia katika kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, mwaka 1582, wakati Uingereza ilisubiri mpaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Katika karne ya 18 kabla ya mabadiliko hayo, tarehe 1 Juni ya London ilikuwa tarehe 12 Juni ya Paris, kwa hiyo balozi aliyetoka Paris kurudi London aliweza kufika kabla ya kuondoka, angalau kwenye karatasi. Zaidi ya hayo, England ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, na ndiyo maana siku za Januari alizozipitia Walsingham akiwa Paris zilikuwa za 1571 kwa wenyeji wake na bado za 1570 kwa makarani wa kwao. Kwa Urusi tahadhari hii inaendelea mpaka 1918, na kwa Ufaransa yenyewe kuna miaka ya kalenda ya Mapinduzi, 1793 hadi 1805. Geuza tarehe zote ziwe za Gregori na useme mwanzoni kwamba umefanya hivyo.

Hatua ya nane: fuatilia dola inapobadilika

Ujerumani ndiyo mtihani mgumu. Mabalozi wa Uingereza waliokaa Berlin ni pamoja na Sir Edward Malet, ambaye mkono wake umo katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 uliobadilishana kisiwa cha Heligoland na madai ya Ujerumani katika eneo letu, na kuiacha Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza. Mlolongo huo ulikatika mwaka 1914, ukarudi, ukakatika tena tarehe 3 Septemba 1939. Baada ya vita walikuja makamishna wakuu wa utawala wa majeshi, na wa mwisho wao, Sir Frederick Hoyer Millar, akageuka kuwa balozi mjini Bonn mwezi Mei 1955 bila kuhama. Kuanzia 1973 mpaka 1990 kulikuwa na balozi wa pili, Berlin Mashariki, kwa dola nyingine kabisa, Ujerumani Mashariki. Huyu apewe jedwali lake. Kumwingiza katikati ya mlolongo wa Bonn ni kosa. Makao ya ubalozi yaliporudi Berlin mwaka 1999 dola haikubadilika, kwa hiyo hapo hakuna haja ya kukata jedwali.

Angalia pia balozi mmoja anayewakilisha katika nchi zaidi ya moja. Balozi wa Uingereza mjini Bern anaiwakilisha nchi yake Liechtenstein pia, na wa Roma anaiwakilisha San Marino. Kuwasilisha hati ni kwa kila nchi peke yake, basi tarehe zake zitatofautiana.

Hatua ya tisa: andika mstari

Mstari kamili hauhitaji mapambo. Huu ndio ule ulionigharimu:

1852–1867. Henry Richard Charles Wellesley, Baron Cowley wa pili, Earl Cowley kuanzia 1857. Balozi. Alimfuata Lord Normanby. Alifuatwa na Lord Lyons. Mtoto wa Baron Cowley wa kwanza, balozi wa 1835 na 1841–1846.

Vyeo vya Sir, Lord, Baron na Earl viache kama vilivyo. Waliowahi kuvitafsiri waliishia kuwaita wote “Bwana”, na hapo tofauti kati ya Baron na Earl, ambayo ndiyo iliyokusaidia kumtenga baba na mwana, hupotea. Andika “nchini Ufaransa” kwa nchi, na “mjini Paris” kwa kituo, na usibadilishane.

Hatua ya kumi: kagua kutoka chini kwenda juu

Orodha ikikamilika, isome kinyumenyume, ukianza na wa mwisho. Jicho lililozoea mtiririko huruka makosa. Likisoma kinyume hulazimika kusimama kila mstari. Kwa kila jina jiulize kama aliyetajwa kuwa mtangulizi wake ndiye kweli aliye juu yake, kama tarehe zao zinapishana, na kama alikuwa hai.

Mstari wa chini kabisa una kanuni yake. Menna Rawlings, mwanamke wa kwanza katika kituo cha Paris, alianza mwaka 2021, na kwa miaka kadhaa orodha nyingi zilimwachia maneno “hadi sasa” ambayo yaliendelea kusomeka hivyo hata alipokwisha kupokelewa kijiti mwaka 2025. Badala ya “hadi sasa” andika siku uliyohakikisha, kwa tarehe, mwezi na mwaka, na balozi mteule asiyewasilisha hati umweke katika tanbihi mpaka atakapoziwasilisha.